Majina Saba Ubaoni: Juu ya Kufundisha Habari za Wafaransa Mashuhuri

Katika muhula uliopita tulikwenda kuwaangalia wanachuo wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha mjini Mpanda, na asubuhi moja tuliketi nyuma ya darasa la sita katika shule mojawapo ya Majengo. Kipindi kilikuwa cha historia. Mwanachuo alikuwa amefika penye ujio wa wamisionari katika karne ya 19, na kwa kuwa wengi wa wamisionari wa upande huu wa nchi walikuwa Wafaransa, aliona vema awape watoto kwanza picha ya taifa lile. Akaandika ubaoni, kwa mwandiko mzuri sana, majina saba: Napoleon, Voltaire, Rousseau, Pasteur, Curie, Lavigerie, de Gaulle. Mbele ya kila jina aliweka neno moja au mawili: jemadari, mwandishi, mwanafalsafa, mwanasayansi, kadinali, rais. Watoto wakasoma kwa sauti moja mara tatu, kisha wakanakili.

Andalio la somo lilikuwa safi. Malengo yalielezwa vizuri, muda uligawanywa ipasavyo, na ubao ulipangwa kama tunavyofundisha hapa chuoni. Lau tungetumia karatasi yetu ya tathmini peke yake, mwanachuo yule angepata alama za juu.

Lakini mtoto mmoja alinyosha mkono, akauliza, “Mwalimu, huyu Lavigerie alifika kwetu?”

“Hapana, hakufika. Tuendelee.”

Jibu lile lilikuwa kweli. Kadinali Lavigerie hakukanyaga Tanganyika hata siku moja. Hata hivyo twadhani kuwa katika maneno yale matatu somo zima lilipotea, na ndiyo maana tumeonelea tuandike habari hii. Kipindi kilipokwisha tulimwita mtoto, tukamwuliza sababu ya swali lake. Alisema kwamba bibi yake alizaliwa Karema, na kwamba bibi hulitaja jina lile kila asimuliapo habari za Dakta Atimani.

Karema iko kando ya Ziwa Tanganyika, mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kwa gari kutoka Mpanda. Kati ya majina saba yaliyoandikwa ubaoni, moja lilikuwa na mizizi katika mkoa wa watoto wale, na ndilo lililopitwa upesi kuliko yote.

Tuanze basi pale alipoanzia mtoto. Charles Lavigerie alizaliwa karibu na mji wa Bayonne, kusini-magharibi mwa Ufaransa, mwaka 1825. Alikuwa msomi kabla ya kuwa mkuu wa kanisa, kwani alifundisha historia ya kanisa katika chuo cha Sorbonne, Paris. Mwaka 1863 alifanywa Askofu wa Nancy, na mwaka 1867 akapelekwa Algiers kuwa Askofu Mkuu. Mwaka uliofuata aliasisi shirika la wamisionari ambao watu wetu wamewaita Mapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Katika mambo ya siasa ya nchi yake, atakumbukwa kwa karamu ya Algiers ya Novemba 1890, aliposimama mbele ya maofisa wa jeshi la majini na kuwataka Wakatoliki wa Ufaransa waikubali serikali ya jamhuri, jambo lililowaudhi wengi waliokuwa bado wakimtamani mfalme. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1888, alizunguka Paris, London na Brussels akihutubia dhidi ya biashara ya watumwa katika Afrika ya kati. Habari alizozitumia katika hotuba zile zilitoka katika barua za mapadri wake waliokuwa huku, kandokando ya maziwa yetu.

Mapadri hao walitokea Bagamoyo mwaka 1878 kwa miguu. Msafara ulichukua miezi, na Padri Pascal, aliyewekwa kuwa mkuu wa kundi la Tanganyika, alifia njiani. Kundi lilifika Ujiji mapema mwaka 1879. Boma la Karema lenyewe halikujengwa na Wafaransa. Hapo wanachuo wetu hukosea mara kwa mara. Lilianzishwa mwaka 1879 na Wabelgiji, chini ya Kapteni Cambier, kwa niaba ya ile jumuiya ya Mfalme Leopold, na Mapadri Weupe walikabidhiwa mwaka 1885, baada ya Leopold kuelekeza macho yake upande wa Kongo. Kuanzia mwaka 1891 Karema ilikuwa na askofu Mfaransa, Adolphe Lechaptois, aliyekaa kando ya ziwa mpaka alipofariki mwaka 1917. Huyu aliandika kitabu kikubwa juu ya watu wa mwambao ule, kilichotolewa mwaka 1913, na wakati wake, mwaka 1907, liliasisiwa Karema shirika la masista Waafrika ambalo lingalipo.

Sasa tumfikie Dakta Atimani wa bibi. Adrien Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 kando ya Mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali, si mbali na Timbuktu. Alitekwa akiwa mtoto mdogo, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Mapadri Weupe walimnunua Aljeria, wakampa jina la Adrien na kumsomesha, kisha akapelekwa katika chuo ambacho Lavigerie alikianzisha kisiwani Malta ili vijana wa Kiafrika waliokombolewa wasomee utabibu. Mawazo ya Lavigerie yalikuwa kwamba Mzungu peke yake hataweza kazi ya Afrika, na kwamba tabibu Mwafrika atapokewa mahali ambapo padri Mzungu hatapokewa. Mwaka 1888 Atiman alishika safari kutoka pwani, na mwaka 1889 akaingia Karema. Hakuondoka tena. Alitibu vidonda, macho na homa, aling'oa meno, alifundisha dini, alioa na kupata mtoto aliyekuja kuwa padri, na alizikwa huko huko baada ya kufariki mwaka 1956. Tuhesabu pamoja: miaka 67 ya kazi katika kituo kimoja. Nani kati yetu walimu, ambao huandika barua ya uhamisho kabla mwaka haujageuka, atathubutu kulinganisha?

Aliandika pia habari za maisha yake mwenyewe, na zilichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Kwa hiyo mwalimu hawezi kusema kwamba Mwafrika huyu hakuacha maandishi.

Hoja yetu basi ni kwamba mtu mashuhuri wa nchi ya mbali afundishwe kuanzia kazi yake iliyotufikia, na afundishwe pamoja na watu walioifanya kazi hiyo. Lavigerie bila Atiman ni picha ya mzee mwenye ndevu katika kitabu. Atiman bila Lavigerie naye haeleweki, maana mtoto atauliza kijana wa Mto Niger alifikaje Ziwa Tanganyika. Wawekwe pamoja, na mara moja ramani ya Afrika nzima yahitajika darasani, kutoka Timbuktu hadi Algiers, Malta, Unguja, Bagamoyo, Tabora, Karema. Hiyo ndiyo zana ya somo. Na wala wasisahauliwe wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, waliobeba dawa, vitabu na vyombo vya ibada mabegani kwa miezi mingi. Majina yao hatutayapata, lakini mtoto wa Mpanda anayeijua safari ya treni ya kwenda Tabora aweza kuambiwa ahesabu siku ambazo mtu angeikata njia hiyo kwa miguu akiwa na mzigo.

Wako wenzetu watakaopinga. Wengine husema kwamba watoto wetu wamechoshwa na Wazungu, na kwamba kipindi cha historia kingetumika vizuri zaidi kwa Mkwawa, Mirambo na Kinjekitile. Hoja hii tunaiheshimu, kwa kuwa ilizaliwa na dhuluma ya kweli. Kuna wazee wetu waliofundishwa habari za wafalme wa Ulaya kabla ya kusikia jina la mtemi wa kwao. Lakini kumtoa Mfaransa katika habari za Karema hakumrudishii Mwafrika nafasi yake. Humwondolea, kwani Atiman naye hutoka pamoja naye, na ziwa hubaki tupu. Tena Mirambo mwenyewe alikuwa akiishi wakati mapadri wale wa kwanza walipopita katika nchi za Unyamwezi, hata habari zake na zao haziwezi kutenganishwa.

Wengine husema kwamba mtihani hauulizi habari hizi. Pengine. Lakini mtoto aliyesoma majina saba mara tatu hatayakumbuka hata kufikia mtihani wenyewe, na sisi tulilithibitisha jambo hilo siku ile ile tulipowauliza watoto watano nje ya darasa. Wote walimkumbuka Napoleon. Mmoja alimkumbuka Pasteur, akadhani ni mchungaji.

Kuna jambo la tatu ambalo ni gumu zaidi, nalo ni ukweli. Mwalimu anayefundisha watu mashuhuri huvutwa na njia mbili mbaya, moja ya kuwasifu kana kwamba ni malaika, na nyingine ya kuwalaani kana kwamba hawakufanya lolote jema. Wanachuo wetu wanamjua Rousseau kutokana na somo la falsafa ya elimu. Wanajua kwamba mwaka 1762 alitoa kitabu cha Émile, na kwamba alitaka mtoto ajifunze kwa kutenda na kwa kadiri ya umri wake. Ni wangapi walioambiwa kwamba mtu huyo huyo aliwapeleka watoto wake mwenyewe, watano kwa ungamo lake, katika nyumba ya watoto waliotupwa? Jambo hilo halikibatilishi kitabu. Lakini mwalimu anayelificha anamfundisha mwanafunzi kwamba maneno mazuri ni ushahidi wa matendo mazuri, na hayo ni mafundisho ya hatari kwa raia wa nchi yoyote. Na kwa kuwa tumemtaja, orodha ile ya ubaoni ilikuwa na kasoro nyingine. Rousseau alizaliwa Geneva, uliokuwa mji huru, na Marie Curie alizaliwa Warsaw, Poland. Napoleon naye alizaliwa katika kisiwa cha Corsica mwaka mmoja tu baada ya Ufaransa kukipata kutoka kwa Genoa. Watatu kati ya saba! Mfaransa ni nani, basi? Swali hilo peke yake lingetosha kuwa somo zuri la darasa la saba.

Lavigerie naye apimwe kwa mizani ile ile. Alipiga kelele dhidi ya utumwa wakati mataifa mengi ya Ulaya yalikuwa yamelala, na kelele zake zilisaidia kuyafikisha mataifa hayo kwenye mkutano wa Brussels wa mwaka 1889 na 1890. Papo hapo, mataifa yale yale yaliitumia vita dhidi ya utumwa kuwa sababu ya kuzigawana nchi zetu, na Lavigerie hakuwa adui wa mgawanyo huo. Aliota hata kuuona ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika, unaolindwa na askari Mzungu. Mtu aliyemtazamia kwa kazi hiyo ni Kapteni Léopold Joubert, mzaliwa wa magharibi ya Ufaransa na askari wa zamani wa Papa, aliyehamia Mpala, ng'ambo ya ziwa kutoka Karema, mwaka 1887. Joubert aliunda jeshi dogo la wenyeji, akapigana na wateka watumwa, akaoa mwanamke Mwafrika mwaka 1888, na hakurudi kwao. Alifariki nchi ile ile mwaka 1927. Ufalme haukupatikana. Kongo ya Leopold iliimeza nchi ile, na mateso yaliyofanywa na utawala huo yanajulikana duniani kote.

Tena Atiman alinunuliwa. Alinunuliwa ili awe huru, lakini hakuulizwa angependa kupelekwa wapi, wala jina gani, wala dini gani. Mwaka 1894 nchi aliyozaliwa ilikuwa mikononi mwa jeshi la Wafaransa, nalo liliingia Timbuktu. Je, mambo haya yaambiwe watoto wa darasa la sita? Twasema ndiyo, kwa maneno yanayolingana na umri wao. Mtoto wa miaka 12 anayajua mambo ya kupelekwa kuishi kwa ndugu bila kuulizwa. Anajua kwamba mtu aweza kukutendea wema na bado akakuamulia mambo yasiyomhusu. Akiulizwa, “Ungekuwa wewe Adrien, ungemshukuru mtu aliyekununua?” atafikiri, na wenzake watabishana naye. Mabishano hayo yaongozwe, yasizimwe.

Tumebakiwa na Mfaransa mmoja ambaye hayumo katika orodha yoyote tuliyopata kuiona darasani, na ambaye sisi tungemweka mbele ya wote saba kwa faida ya mwalimu mwenyewe. Huyu ni Padri Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu. Alizaliwa mwaka 1856, akafika Unguja mwaka 1879, na akafanya kazi Unguja na Bagamoyo kwa karibu miaka 20. Alikusanya mimea, hata wataalamu wa mimea wameiita jamii moja Sacleuxia kwa heshima yake. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa lugha yetu. Alitoa kamusi ya Kifaransa na Kiswahili mwaka 1891, sarufi ya lahaja za Kiswahili mwaka 1909, na kati ya mwaka 1939 na 1941, akiwa amevuka umri wa miaka 80, kamusi ya Kiswahili na Kifaransa yenye kurasa zaidi ya 1,100. Mpaka leo mtafiti wa Kiswahili haipiti kamusi hiyo.

Kilichotupendeza ni namna alivyofanya kazi. Sacleux hakuwaambia watu wa pwani jinsi ya kusema. Aliwasikiliza. Neno la Kimrima aliliandika kuwa ni la Kimrima, la Kiamu kuwa ni la Kiamu, na la Kimvita na la Kingazija vivyo hivyo. Wakati kamusi yake inatoka, lugha sanifu iliyojengwa juu ya Kiunguja ilikuwa ikisimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1930, na mtu mvivu angaliweza kuyatupa maneno ya kwingine. Yeye aliyatunza. Hatusemi kwamba mwalimu aache kufundisha Kiswahili sanifu, la hasha. Lakini tumekaa katika madarasa ya Majengo, ambamo watoto wa Wakonongo, Wabende, Wapimbwe, Wafipa, Waha na Wasukuma huketi dawati moja, tukaona jinsi mtoto anavyochekwa kwa matamshi ya nyumbani kwao, na mwalimu akicheka pamoja na darasa. Mtoto huyo hatanyosha mkono tena. Maarifa aliyo nayo, ya bibi yake na ya ziwa lao, hayatafika ubaoni kamwe.

Ndivyo ilivyokaribia kuwa siku ile. Tulipokaa na mwanachuo wetu baada ya kipindi, hakukasirika. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba alilisikia swali la mtoto lakini aliogopa, kwa kuwa hakulijua jibu lake kamili, na sisi tulikuwa tumekaa nyuma na karatasi ya tathmini. Neno hilo lilituchoma. Karatasi ile ni yetu. Ina nafasi ya kuandika kama mwalimu alizingatia muda, na haina nafasi ya kuandika kama alilifuata swali. Tumekwisha kupendekeza kwa wenzetu wa idara kwamba irekebishwe, na ni haki tuseme kwamba si wote waliokubali. Wako walioona kuwa mwanachuo akipewa ruhusa ya kuyafuata maswali, hatamaliza azimio la kazi. Huenda ni kweli kwamba baadhi hawatamaliza.

Kwa mwanachuo atakayekwenda mazoezini Mpanda au Karema muhula ujao, ushauri wetu ni huu. Kabla ya kuandika andalio, uliza katika mtaa ule ni nani anayetoka ziwani, na umwombe mzee mmoja, kwa heshima zake zote, aje darasani kwa dakika kumi tu kati ya 40. Usimwandikie la kusema. Tafuta ramani ya Afrika nzima. Ile ya Tanzania haitoshi. Andika jina moja au mawili, si saba. Na ukiulizwa usilolijua, sema hulijui, uliandike swali pembeni mwa ubao, na lisifutwe mpaka utakapoleta jibu.

Wiki iliyofuata tulirudi Majengo. Mwanachuo wetu alikuwa ameandika ubaoni jina moja tu: Atiman. Yule mtoto alisimama kabla hajaitwa, akasema kwamba bibi yake hatamki hivyo, hutamka Atimani. Darasa likacheka. Mwanachuo hakucheka, alimpa mtoto chaki, naye akaenda mbele akaongeza herufi.